Alteneta Imekufa: Ni Sabufa au Ni Uzee?

Kwenye gereji nyingi za Dodoma kesi ya alteneta iliyokufa, yaani kile kifaa kinachozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari, huisha kabla haijasikilizwa. Taa ya betri imewaka kwenye dashibodi, gari limevutwa hadi kwa fundi umeme, fundi kafungua buti kakuta sabufa, ile spika kubwa ya besi. "Bosi, muziki huu ndio umeua alteneta." Mwenye gari akirudi kwa aliyemfungia muziki anaambiwa kinyume chake: alteneta ilikuja imechoka tangu gari linashuka bandarini, muziki umeifichua tu.

Wote wawili wana cha kulinda. Mmoja ana alteneta ya mtumba anayotaka kuiuza, mwingine hataki kurudisha hela ya mtu. Hata hivyo hakuna anayedanganya moja kwa moja. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ili kujua kipande kipi kinahusu gari lako inabidi alteneta ifunguliwe na uone ni kitu gani ndani yake kimekufa. Hilo ndilo swali ambalo wateja wengi hatuulizi. Tunalipa, tunafungiwa nyingine, tunaondoka.

Kwanza tuitoe redio yenyewe kwenye orodha ya watuhumiwa. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani, na huko masafa ya FM yalipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Ndiyo maana redio ya Kijapani hung'olewa au kuongezewa kifaa cha kubadili masafa hata kwa mtu anayetaka taarifa ya habari tu. Karibu kila IST au Noah mjini ina redio ambayo haikutoka nayo kiwandani. Redio hiyo, hata ile yenye skrini kubwa, kwa sauti ya kawaida hula ampea chache tu, na fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15. Taa mbili za mbele za halojeni zinaizidi: wati 55 kila moja, jumla ni ampea nane hivi. Anayesema redio ya kubadilisha imeua alteneta, aseme pia kwamba taa zinaua alteneta.

Amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti kinachosukuma sabufa, ni habari nyingine, lakini usitishwe na maandishi ya juu. Boksi linaweza kuandikwa wati 3000 huku fyuzi yake ni ya ampea 30. Zidisha 30 kwa volti 14, unapata wati 420 zinazoingia. Amplifaya ya aina ya zamani inafikisha kwenye spika kama asilimia 60 ya hizo, yaani wati 250 hivi, zilizobaki ni joto chini ya kiti. Na muziki haupigi kwa nguvu moja muda wote. Besi inapiga, inapumua. Kwa wastani amplifaya hiyo itavuta ampea 10, pengine 15 kwa anayependa kufungulia.

Ampea 10 si nyingi. Ila angalia zinaongezwa juu ya nini. Alteneta ya gari dogo huwa ya ampea 70 au 80, na kiwango hicho hupimwa ikizunguka kwa kasi. Injini ikiwa imewaka tu na gari limesimama, unaweza kupata nusu yake, na ikishapata moto hupungua tena. Sasa chukua Novemba, jioni, foleni ya kutoka mjini kuelekea Ihumwa: kiyoyozi kimewashwa, feni ya rejeta inazunguka, taa zinawaka, pampu ya mafuta na mfumo wa injini navyo vinakula. Umeshafika ampea 40 na ushee kabla ya wimbo wa kwanza. Alteneta iko kwenye ukomo wake, na feni yake ya kujipoza inazunguka polepole kwa sababu injini nayo iko polepole. Ongeza sabufa hapo, kinachopungua kinatolewa na betri, na alteneta haipati hata dakika ya kupumzika.

Mtetezi wa muziki ana jibu zuri kwa hili, na ni la kweli: alteneta haiwezi kulazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake. Ikizidiwa, volti zinashuka, taa zinafifia kwa mpigo wa besi, basi. Haiungui papo hapo. Anachoruka ni joto. Alteneta nyingi hupoteza kama asilimia 40 ya nguvu inayoletwa na mkanda, na nguvu hiyo yote inakuwa joto ndani ya ganda lile dogo. Kufanya kazi kwa ukomo kwa saa nyingi, miezi na miezi, kunapika daiodi, zile zinazogeuza umeme wa alteneta uwe wa kuchaji betri, na varnishi inayokinga koili zake za waya. Haiungui leo, inaungua mwakani, na siku hiyo hakuna atakayekumbuka foleni ya Novemba.

Ndipo turudi kwenye kuifungua. Kaboni zikiwa zimeisha, zimebaki vijiti vifupi visivyogusa vizuri pete za shaba, sabufa haina kesi kubwa ya kujibu. Kaboni hulishwa na mzunguko. Umeme unaopita ndani yake ni ule mdogo wa kuamsha sumaku ya rota, sehemu ya ndani inayozunguka, ampea chache tu, si ule unaokwenda kwenye amplifaya. Gari lenye miaka 18 na kilomita laki mbili lina haki ya kumaliza kaboni. Beringi inayolia nayo ni suala la umri, mkanda uliokazwa kupita kiasi, na vumbi.

Na vumbi la kwetu tulitaje kwa jina. Kuanzia Juni au Julai upepo wa kiangazi unapoanza, barabara za ndani za Nkuhungu, Nzuguni na mitaa mipya ambayo haijafika lami zinageuka unga mwekundu. Alteneta inavuta hewa kupitia matundu yake ili ijipoze. Inavuta na huo unga. Kama kuna kivujo kidogo cha oili juu yake, vumbi linakuwa tope linalosaga kaboni na kuziba njia ya hewa. Binafsi naamini vumbi na uzee vinaua alteneta nyingi zaidi hapa kuliko muziki, ingawa fundi halitaji vumbi kwa sababu haonekani mtu wa kulaumiwa.

Lakini ukikuta koili zimekuwa nyeusi, varnishi imebabuka na inanuka kuungua, au daiodi ndizo zilizokufa, hapo fundi umeme ana haki ya kuuliza kuhusu buti lako. Hata hapo kuna mshitakiwa wa pili, naye ni betri mbovu, ambayo inaifanya alteneta ichaji kwa nguvu muda wote bila betri kujaa.

Kwa maoni yangu ni kupitia betri ndipo muziki unapofanya madhara yake makubwa, na haufanyi gari likiwa linatembea. Unafanya limezimwa. Jumamosi, gari limeegeshwa nje ya sehemu ya nyama choma, milango minne wazi, funguo iko kwenye hatua ya redio, injini imezimwa ili kuokoa mafuta. Saa tatu baadaye betri haina nguvu ya kugeuza injini. Vijana wanasukuma, au gari la jirani linakuja kubusti, na safari ya nyumbani inaanza huku alteneta ikilazimika kujaza betri tupu, kuwasha taa na kuendesha ule ule muziki. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha, haikutengenezwa kumalizwa. Kila inapomalizwa inapoteza sehemu ya uwezo wake, na betri dhaifu inarudi kuwa mzigo wa alteneta wiki nzima.

Kuna na la wafanyakazi wa serikali. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, wengi huacha gari Ijumaa na kulirudia Jumapili usiku. Waya mwembamba wa kuwasha amplifaya, ambao ulitakiwa kufuata redio, fundi asiye makini huuunga kwenye umeme wa kudumu. Amplifaya inabaki macho. Ikivuta ampea moja tu, kwa siku ni ampea-saa 24, na betri ya gari dogo ina kama 35. Jumapili hailiwashi gari, Jumatatu analaumiwa aliyeuza alteneta.

Sauti ya mluzi inayopanda kila ukikanyaga mafuta, ikitoka kwenye spika, nayo huhesabiwa kama ushahidi dhidi ya muziki. Mara nyingi ni daiodi ya alteneta inayokufa au ethi mbaya, yaani muunganisho wa waya hasi na bodi ya gari. Spika zinakuletea taarifa ya ugonjwa ambao ungekuwepo hata kama usingekuwa na spika. Kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo wanachokiuza kama tiba ya taa kufifia, sitaipigia debe: farad moja kwa volti 14 inabeba jouli 98, ambazo amplifaya ya wati 500 inazimaliza ndani ya robo sekunde. Haizalishi chochote. Pesa hiyo inunue waya mnene kutoka alteneta hadi betri na ethi nzuri kwenye bodi.

Kwa bajaji sina utetezi. Chombo kidogo, mfumo wa kuchaji mdogo, na kuna dereva wa Majengo mwenye spika nne na taa za rangi.

Gari la matangazo linalozunguka mtaa mzima kwa mwendo wa mtu anayetembea, spika za paipu juu, ndilo mfano wa kweli wa muziki kuua alteneta, na wenye kazi hiyo wanajua: wengi hubeba jenereta ya petroli na kuiacha alteneta ihudumie gari.

Kwa mwenye gari la kawaida, mita ya bei ndogo inatosha kuanzia. Betri iliyopumzika isome kama volti 12.6. Injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.4. Kisha washa kila kitu, kiyoyozi, taa, muziki kwa sauti yako ya siku zote, na uangalie tena. Ikibaki juu ya 13, alteneta inaumudu mzigo wako. Ikishuka chini ya 12.8, zima amplifaya na upime upya: ikipanda vizuri, tatizo lako ni mzigo, isipopanda, alteneta, mkanda au nyaya zake vilikuwa na shida bila msaada wa sabufa.

Usikubali kipimo kile kingine, cha kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama gari litazima. Kwa magari ya zamani kilipita. Kwa gari lenye kompyuta, betri ikitoka ghafla volti huruka juu mno kwa sehemu ndogo ya sekunde, na daiodi zilizokuwa nzima zinaweza kufa hapo hapo mbele yako, pamoja na kompyuta ya injini. Kisha fundi anafungua buti.