Dumu la Maji ya Betri

Likizo ile nilirudi Mikindani na laptopu na kichupa cha dhahabu. Msinipigie hesabu za mahari: dhahabu yenyewe ilikuwa chembe za nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) zinazoelea majini, na zikiwa hazijashikana, maji huwa mekundu kama juisi ya choya. Bibi alikitazama kichupa akauliza sukari nimetia kiasi gani.

Kazi yangu chuoni ni modeli, yaani kuigiza mambo kwa hesabu za kompyuta: chembe zikigongana majini, ngapi zinanatana, ngapi zinaachana? Hesabu ya msingi aliiandika mwanafizikia Smoluchowski zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mimi naongezea chaji ya umeme tu. Chembe zangu zote zina chaji hasi, kwa hiyo zinakwepana kama mitalaka wawili kwenye harusi moja. Laptopu iliniapia: hata nikizizimua, wiki itaisha bila bonge.

Siku ya nne nikamwita Bibi ashuhudie. Nikatoa dumu langu la maji ya betri, yale ya kujazia, si tindikali, niliyoyanunua kwa sababu hayana chumvi. Nikamimina kwenye glasi, nikadondoshea wekundu wangu.

"Bibi, tazama, rangi hii haitaba..."

Ikawa zambarau. Kisha buluu. Bibi akasogea nyuma na kigoda chake.

"We mjukuu, chuoni ndiko wanakokufundisha haya?"

Nilikesha. Nikapekua programu mstari kwa mstari, nikapandisha joto, nikashusha, nikamlaumu Smoluchowski, marehemu wa watu. Alfajiri mdogo wangu akaja kuchukua ufunguo wa bodaboda.

"Kaka, yale maji yako nilijazia betri juzi. Ila usijali, nimerudishia. Mpaka kwenye alama yako ya kalamu."

"Umerudishia maji gani?"

"Ya kisimani."

Kisima chetu! Hatua chache kutoka baharini, sabuni haitoi povu, chai yake unainywa huku umekunja uso. Chumvi ikiingia hufunika chaji, chembe hazioni tena sababu ya kukwepana, zinakumbatiana, na dhahabu iliyoganda bongebonge inaonekana buluu. Modeli haikuwa na kosa. Sikuwa nimemwingiza humo mdogo wangu tu.

Bibi naye siku hizi nikimletea juisi ya choya, huitia kwanza punje ya chumvi, anaikodolea macho, ndipo anakunywa.