Tuache kuuliza mtoto kapata ngapi, tuulize darasani anafanyaga nini

Matokeo yakitoka tu magrupu ya wazazi hapa Dodoma hayalali, nani kapata A ngapi, nani kashika namba moja, shule ipi imeongoza. Sawa, hela tumetoa lazima tuulize. Ila kuna swali hatuulizi na mi naona ndo lenyewe: masaa yote yale mtoto anayokaa darasani anakuwa anafanya nini? Sio anafundishwa nini, anafanya nini yeye. Maana anachokifanya kila siku kwa miaka ndo kinakuja kuwa akili yake na tabia yake, yale ya mtihani nusu anasahau kabla hajafika fomu wani.

Hili wala sio langu. Kulikuwa na mwanasaikolojia wa enzi za Wasovieti, Lev Vygotsky, kafariki 1934 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37 tu, yeye alisema uwezo wa akili wa mtoto unaanzia kati yake na watu, kwenye kuulizana na kubishana na kuelekezwa, afu ndo unahamia ndani yake. Sasa mtoto ambaye hajawahi kuulizwa "umejuaje?" atajiuliza mwenyewe saa ngapi?

Baadae wakaja Daniil Elkonin na Vasily Davydov, wakasema mtoto wa chekechea anakuzwa zaidi na mchezo, akiingia shule ya msingi kinachomkuza ni kule kujifunza kwenyewe, ila kujifunza kwa kutafuta kitu kinavyofanya kazi na kujikagua, sio kukariri. Kwenye hesabu za Davydov mtoto haanzi na 1, 2, 3, anaanza na kulinganisha na kupima, aone kwamba namba inategemea umepimia nini.

Hiyo nenda Majengo sokoni ukaione bure. Kuna binti anamsaidia mama yake kuuza karanga, bado yuko msingi. Siku nipo pale mama mmoja akalalamika glasi yao ndogo kuliko ya jirani, binti hata hakununa, akachukua glasi yake akaanza kumimina kwenye sado huku anahesabu kwa sauti na kila glasi anaifuta juu kwa kiganja, ilipojaa akaazima ya jirani akarudia, glasi za jirani zikawa pungufu kweli. Akasema, "Haya mama, ya kwao kubwa, sasa piga na bei yao uone sado inakutoka shilingi ngapi kwao na kwetu." Yule mama akacheka akanunua.

Daftari lake la hisabati lilikuwa hapo juu ya gunia nikaomba nilione. Lita kuwa mililita, zidisha kwa 1000, vema vema vema za wino mwekundu. Nikamuuliza kwa nini unazidisha? "Mwalimu kasema." Yaani mtu aliyetoka kumshinda mtu mzima kwa hoja! Kichwa ni kile kile, ila pale kwenye karanga yeye ndo anatafuta jibu, shuleni kazi yake ni kunakili na kusubiri tiki. Na kusubiri nako kunajengeka jamani, mji wetu huu umejaa ofisi, ingia yoyote ukutane na mtu ana digrii zake ila hasogezi faili mpaka bosi aseme, afu tunasema vijana hawajiamini. Wangejiamini wapi?

Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea, 1967, alitaka akili ya kudadisi na mtoto anayejiamini. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha udadisi, na lenyewe hilo jembe likaishia kuwa adhabu ya wachelewaji.

Walimu siwalaumu sana, darasa limejaa mpaka dirishani utamuuliza nani "umejuaje" mmoja mmoja? Lakini watoto wanaweza kuulizana wenyewe wawili wawili, hilo halihitaji bajeti. Kinachonikera ni pale wazazi tunapochangishwa hela ya masomo ya Jumamosi, mtoto anaenda kunakili tena kile kile alichonakili Jumatano. Kikao kijacho mi mchango nitatoa, ila kwanza nitaomba tufunguliwe madaftari tuonyeshwe hata ukurasa mmoja ambao mtoto kaandika kitu ambacho hakikuwepo ubaoni.