Tanbihi ikae pale pale ilipoitwa

Wengi tukiona kale kanamba kadogo ka tanbihi kalikopanda juu ya mstari tunadhani hata ndani ya faili kameandikwa hivyo hivyo, 1, 2, 3, halafu maelezo yake yamepangwa chini ya ukurasa. Sivyo kabisa. Ndani ya faili hakuna ukurasa, kwa hiyo hakuna hata huko chini. Kuna maandishi yanayofuatana tu, na penye tanbihi pana alama ya kusema hapa kuna tanbihi, basi. Kuhesabu namba na kukata kurasa ni kazi ya programu wakati inakuonyesha, ndo maana ukichomeka tanbihi mpya katikati ya sura zote zinazofuata zinajisogeza zenyewe bila wewe kugusa kitu.

Na hiyo kazi ya kukata kurasa si ndogo jamani. Tanbihi inataka nafasi chini ya ukurasa, sasa ikichukua nafasi inaweza kuusukuma mstari ulioiita uende ukurasa unaofuata, mstari ukienda tanbihi nayo inaufuata, nafasi inabaki wazi, mstari unataka kurudi. Programu lazima iamue pa kuishia, na mara nyingine inaikata tanbihi yenyewe vipande viwili, nusu hapa nusu ukurasa wa pili. Tanbihi za mwisho hazina shida hii, zinasubiri tu mpaka maandishi yaishe.

Sasa tanbihi yenyewe inahifadhiwa wapi, hapa ndo nina la kusema.

Chukua faili la docx, lile la Microsoft Word. Ile ni zipu, yaani kifurushi cha mafaili, badilisha mwisho wa jina liwe .zip ulifungue, utakuta folda inaitwa word na ndani yake document.xml yenye maandishi yako, halafu pembeni kuna footnotes.xml na endnotes.xml. Kwenye sentensi yako inabaki tagi (alama ya kuiambia programu kitu) moja tu, footnoteReference, yenye id, yaani namba ya utambulisho, tuseme 7, na maneno ya tanbihi yanakaa kwenye lile faili jingine yakiwa na id hiyo hiyo 7. Msomaji hiyo 7 haioni, yeye anaweza kuona 3 au 40, id ni ya kuunganishia tu. Utakuta pia humo tanbihi mbili ambazo hukuziandika wewe: moja ni kale kamstari kanakotenganisha maandishi na tanbihi, nyingine ni mstari wa kutumika tanbihi ikimwagikia ukurasa wa pili. Yaani hata mstari wameuhesabu kuwa tanbihi, na mi hilo nalipenda, maana unaweza kuubadilisha ukaweka chochote unachotaka.

Odt, faili la LibreOffice ambayo ni programu ya kuandikia kama Word, nayo ni zipu ila inafanya kinyume. Ukifungua content.xml unakuta tagi ya text:note katikati ya sentensi yenyewe, na ndani yake kuna maneno yote ya tanbihi, hakuna kwenda kutafuta kwingine. RTF, aina nyingine ya faili la maandishi ambayo Microsoft waliitoa miaka ya 1980 ilikuwa hivi hivi, unaandika \footnote pale pale na maelezo yanafuata ndani ya mabano.

Mimi niko upande wa odt. Tanbihi ni sehemu ya sentensi, hasa kwenye utafiti ambako ndiyo inayobeba ushahidi wa ulichosema, sasa ukiiweka faili jingine umeruhusu programu yoyote ndogo ya kutoa maandishi isome document.xml peke yake, iondoke na hoja zako na kuacha vyanzo vyote, tena kimya kimya bila kukuonya. Kugeuza aina nako: kwenye odt tanbihi ya chini na ya mwisho zinatofautishwa na neno moja tu ndani ya tagi, footnote au endnote, wakati kwenye docx lazima maneno yahame toka faili moja kwenda jingine na alama kwenye sentensi nayo ibadilishwe. Najua wa docx watasema ukitoa maandishi kutoka odt bila uangalifu tanbihi inajichomeka katikati ya sentensi inaharibu usomaji, na ni kweli kabisa, lakini fujo inayoonekana unaweza kuisafisha, kilichopotea bila wewe kujua utakirudishaje?

Ila fomati zote hizi hazimsaidii anayeandika namba kwa mkono, akaipandisha juu, akashuka mwisho wa ukurasa kuandika maelezo. Hapo faili halijui kama kuna tanbihi, linaona tarakimu ndogo tu, na msomaji asiyeona anayetumia programu ya kumsomea kwa sauti hana namna ya kuruka toka namba kwenda kwenye maelezo na kurudi. Hata kwenye wavuti ni vile vile, HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti, haina tagi yake ya tanbihi, programu inatengeneza viungo vya kwenda na kurudi, na EPUB 3, fomati ya vitabu vya kielektroniki, ina alama za noteref na footnote ambazo baadhi ya visomeo vinazifungua kwenye kidirisha hapo hapo, lakini yote hayo yanatokea kama faili lilijua toka mwanzo. Kwa hiyo acha programu yenyewe iichomeke: kwenye Word ya Windows ni Ctrl+Alt+F kwa tanbihi ya chini na Ctrl+Alt+D kwa ya mwisho, kwenye LibreOffice zote ziko kwenye menyu ya Insert.