15% ya Bodi na hadithi za "weka akiba"

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa kavaa suti kali anawafokea vijana kwamba hawana nidhamu ya hela, eti mshahara ukiingia toa kwanza asilimia 20 weka pembeni ndo uanze kula. Sawa mkuu. Sasa tupige hesabu ya mwalimu wa serikali aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB), tuseme basic yake ni laki 8. Mfuko wa pensheni PSSSF 40,000, bima ya afya 24,000, kodi ya mshahara (PAYE) 68,000, Bodi 15% ya basic, yani 120,000. Chama cha wafanyakazi hata sijakiweka. Yani Bodi inakata karibu mara mbili ya kodi, na kwenye 548,000 inayobaki kuna pango, nauli, na wadogo zake nyumbani wanaosubiri ada. Hiyo 20% aitoe wapi, kwenye figo?

Tulikotoka kulikuwa kubaya zaidi, hilo nakubali. Ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, 6% kwa mwaka, ilikuwa inazaa hata ukiwa umelala. Unadaiwa milioni 10, ajira huna, mwaka ukiisha laki 6 zimeongezeka, bado faini ya 10% ya kuchelewa, sijui walitaka mtu asiye na kazi awahi na nini. Mama Samia alivyotangaza kuifuta Mei Mosi 2021 kule Mwanza nilishangilia kama wengine. Ila kwenye shangwe tukasahau kwamba 15% ya kila mwezi imebaki palepale. Ilikuwa 8% mpaka 2016 ndo ikapandishwa, na waliosaini mikataba ya zamani wakabebwa humohumo.

Sasa hapa ndo huwa nachemka. Deni halina riba tena. Kama mwalimu wetu anadaiwa milioni 8, kwa 120,000 analimaliza kwenye miaka mitano na nusu, kwa 60,000 ni miaka kumi na moja, na deni lenyewe haliongezeki hata shilingi. Lakini tunamkaba alimalize haraka, kwa hiyo tarehe 14 mtoto akiumwa anaenda kwa kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, anachukua laki 3 arudishe laki 3 na 90 mwisho wa mwezi, anaacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Asilimia 30 kwa mwezi! Benki Kuu (BoT) imeweka ukomo wa 3.5% kwa mwezi kwa hawa wakopeshaji, vizuri sana, ila nani atamshtaki mtu ambaye mwezi ujao atamhitaji tena? Maana mshahara ukiingia mkopeshaji ndo anautoa kwanza kwa ile kadi, kinachobaki hakifiki popote, mwalimu anarudi palepale au anahamia kwa mwingine. Halafu tunasema walimu wanapenda madeni.

Najua Bodi inahitaji hizo hela zirudi ili dogo anayeingia mwaka wa kwanza apate bumu, hela yake ya kujikimu, kwa wakati. Na wapo wenye biashara zao na magari mazuri hawajalipa hata mia, hao wakamateni tu, mimi simo. Lakini kwa nini PAYE ipande kulingana na kipato halafu Bodi imkate wa laki 5 na wa milioni 5 asilimia ileile? Uingereza wanakata 9% ya kile tu kinachozidi kiwango fulani cha mshahara, chini ya hapo hugusi. Majirani Wakenya msitucheke, bodi yenu ya mikopo, HELB, ina riba ya 4% na faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi kwa asiyelipa.

Walio chini ya milioni moja wakatwe 5%, wa juu wapandishiwe hata 20%, wabunge mpo. Kuhusu waajiri wanaokukata halafu hawapeleki Bodi, hiyo nitaiandikia siku nyingine, leo nitatukana.