Kuidai Benki Haki Yako: Uskoti na Kenya

Wakenya wengi tunaoishi Uskoti huwaambia jamaa zetu nyumbani kwamba benki za huku haziwezi kumwonea mteja. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Benki za huku ziliwakata watu fedha nyingi kwa miaka mingi, na suala hilo lilipofika katika mahakama ya juu kabisa, benki ndizo zilizoshinda. Tofauti ninayoiona kati ya Glasgow na Mombasa iko kwingine: mtu wa kawaida wa huku amewekewa njia ya kudai iliyo nafuu, inayoeleweka na yenye muda maalumu, naye huitumia bila kuhofia kuonekana mkorofi.

Chukua mfano wa mlezi wa wazee anayelipwa mwisho wa mwezi, ambaye ameidhinisha kodi ya nyumba na umeme vikatwe moja kwa moja katika akaunti yake, na ambaye wiki hiyo hiyo ametuma karo ya wadogo zake nyumbani. Salio likipungua kwa pauni chache tu, benki ilikuwa ikiyarudisha malipo na kumtoza pauni 30 au zaidi kwa kila malipo yaliyokwama. Tozo hiyo yenyewe ililishusha salio zaidi, malipo yaliyofuata yakakwama nayo, na tozo nyingine ikaongezwa juu yake, hata mshahara ulipoingia sehemu yake ilikuwa imekwisha kuliwa. Waliolipa zaidi ni wale waliokuwa na kidogo, na wenye akiba nono walipata huduma ya akaunti bila malipo kwa gharama ya wenzao. Hilo ndilo lililokuwa likinikera na linanikera mpaka leo.

Mwaka 2006 mamlaka ya kulinda ushindani na wanunuzi, Office of Fair Trading, ilisema kwamba tozo za kuchelewa kulipa kadi za mkopo zikizidi pauni 12 zitachukuliwa kuwa si za haki. Wateja wakajiuliza kwa nini hoja hiyo isifike kwenye akaunti za kawaida. Wakaomba taarifa za akaunti zao za miaka iliyopita, wakajumlisha makato, wakaandika barua na hatimaye wakafungua madai. Huku Uskoti kituo cha sheria cha Govan, Govan Law Centre, kilikuwa mstari wa mbele kuwasaidia. Benki nyingi zililipa kabla ya siku ya kusikilizwa, na kwa hiyo swali lenyewe likabaki bila hukumu. Mnamo Julai 2007 mamlaka ile ilizipeleka benki 7 na chama kimoja cha mikopo ya nyumba katika kesi ya majaribio, na madai mengi yaliyokuwa mbele ya mahakama yakasimamishwa kuisubiri. Tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba tozo hizo ni sehemu ya bei ambayo mteja hulipia huduma nzima ya akaunti, na kwamba chini ya Kanuni za mwaka 1999 kuhusu masharti yasiyo ya haki, bei haiwezi kupimwa kwa kigezo cha kulingana na huduma inayotolewa. Maelfu ya waliokuwa wakisubiri walivunjika moyo, nami naamini hukumu ile iliisoma sheria kwa ufinyu.

Hata hivyo madai yale hayakupotea bure. Yalilifanya jambo la siri kuwa la hadharani, na kuanzia Aprili 2020 mamlaka ya kusimamia mwenendo wa kifedha ilizipiga marufuku benki kutoza ada ya mkupuo kwa mteja aliyepitiliza salio, ikazitaka zitumie riba moja ya mwaka iliyo wazi. Riba hiyo katika benki nyingi ilipanda hadi karibu asilimia 40, jambo ambalo halinifurahishi, lakini angalau mtu anaweza kuihesabu.

Anayedai leo huanza kwa kuilalamikia benki kwa maandishi. Benki ina wiki 8 za kujibu, na jibu lisipomridhisha mteja ana miezi 6 ya kulifikisha lalamiko kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi huru wa malalamiko ya kifedha, ambako halipi chochote. Akipenda kwenda mahakamani, madai yasiyozidi pauni 5,000 husikilizwa na Sheriff, ambaye ni hakimu, kwa utaratibu mwepesi ulioanza Novemba 2016, na mdai hahitaji wakili. Madai yasipozidi pauni 300, kwa kawaida anayeshindwa halipishwi gharama za mwenzake. Tahadhari moja ni ya lazima kwa mgeni: Uskoti ina sheria zake, na kwa sheria ya mwaka 1973 deni la namna hii hufutika kabisa baada ya miaka 5, ilhali Uingereza yenyewe hutoa miaka 6. Mtu akifuata ushauri wa rafiki aliyeko London anaweza kuchelewa.

Kwetu Kenya sheria si haba. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mabenki kinaikataza benki kuongeza viwango vya tozo bila idhini ya Waziri, kinga ambayo huku haipo. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6, mrefu kuliko wa Uskoti. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, tena inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujitetea mwenyewe.

Kinachokosekana ni msuluhishi huru. Mlalamikaji wa nyumbani hupeleka shauri lake Benki Kuu, taasisi ile ile iliyopewa jukumu la kulinda uthabiti wa mabenki, na sioni namna kazi hizo mbili zinavyoweza kukaa chini ya paa moja bila mteja kuwa wa mwisho. Bunge linapaswa kuzitenganisha. Wakati tukisubiri, shangazi na wajomba zetu wanaokatwa shilingi mia huku na mia kule waombe taarifa kamili za akaunti, waitake benki iwaonyeshe kwa maandishi idhini ya kila tozo, na benki ikinyamaza, wafungue madai.