Sokwe Ana Kipimo, Sisi Tuna Chupa

Chupa yenyewe ilikuwa ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu, lebo imebanduka nusu. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya chai iliyolala, na vipande viwili vya mizizi vimezama chini. Shangazi aliinunua kwa muuza dawa wa kutembeza, akaileta nyumbani kwetu Ujiji, Kigoma, imefungwa kwenye khanga, akasema ni ya minyoo, ya mgongo, ya sukari, ya nguvu na ya nuksi. Nilikuwa na miaka 19 na tumbo lilikuwa limenisumbua wiki nzima. Nikamuuliza, "Shangazi, nakunywa kiasi gani?" Akaniangalia kama nimemuuliza bei ya upepo wa ziwani. "Wewe kunywa mpaka uone nafuu."

Nafuu sikuiona. Siku ya tatu nilikuwa nimelazwa, dripu mkononi, macho ya njano. Nesi aliponihoji nikamwambia ukweli, na ukweli ukanigharimu: alinisema mbele ya wodi nzima, mimi na ukoo wangu na miti yetu. Wodi ilisikiliza kimya. Jioni ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili walipoleta uji, niliona chupa inayofanana kabisa na yangu ikipita chini ya shuka. Huyo hakuulizwa kitu, na kama angeulizwa asingesema.

Siandiki haya kuwacheka wanaokunywa miti. Mimi mwenyewe nikishikwa na mafua nachemsha mchaichai kabla sijafikiria duka la dawa, na sina mpango wa kuacha. Naamini misitu ina dawa. Tena naamini kwa sababu mojawapo ya shuhuda zenye nguvu za jambo hilo zilipatikana hapa hapa mkoani kwetu, kwenye milima ya Mahale, na aliyezitoa ni mgonjwa asiyejua kusoma wala kulipia kadi. Jina lake Chausiku.

Chausiku alikuwa sokwe jike. Novemba 1987, Michael Huffman, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti na Chuo Kikuu cha Kyoto, alikuwa akimfuatilia msituni pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, yaani mwenyeji wa milima hiyo, mfanyakazi wa hifadhi na mjuzi wa dawa aliyerithi elimu hiyo kwa wazee wake. Siku hiyo Chausiku alikuwa hoi. Wenzake wanakula, yeye amelala; mkojo wake umebadilika rangi. Baadaye akainuka taratibu, akaenda moja kwa moja kwenye kichaka kimoja, akavuta matawi machanga, akatupa majani, akamenya gome kwa meno, akatafuna ule moyo laini wa ndani, akafyonza maji yake na kutema makapi. Mohamedi akamweleza mwenzake kwamba ule mti ni dawa kali. Watongwe huuita mjonso, na huutumia kwa homa, kwa tumbo na kwa minyoo. Kesho yake mchana Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu, anakula.

Mjonso si mti wa ajabu. Wataalamu huuita *Vernonia amygdalina*, na huota hata kwenye mashamba yaliyoachwa. Warundi huuita umubirizi, na mimi kila nikishuka Kibirizi kungojea boti hulisikia jina hilo ndani ya jina la mwalo. Uchungu wake ukiuonja unakaa ulimini mpaka chakula cha jioni.

Watu wakisimuliwa habari ya Chausiku hushangaa kwamba mnyama anajua dawa. Mimi kilichonishika ni kile alichokitupa. Alitupa majani. Alitupa gome. Wakemia wa Kijapani walipoupima mti huo walikuta sababu: majani na gome vina wingi wa kitu kinachoitwa vernodalini, chenye sumu zaidi, na ule moyo wa ndani ya tawi una kiasi kidogo cha sumu hiyo pamoja na machungu mengine yanayowasumbua minyoo. Maana yake mti mmoja, tawi moja, una dawa na una madhara, na vimetenganishwa na unene wa gome. Halafu sokwe hali mjonso kila siku kama mboga. Huutafuna akiumwa, kidogo, kisha anaacha. Kwa sokwe mwingine wa Mahale aliyetafuna mjonso, watafiti walihesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi chake, wakakuta yameshuka kutoka 130 kwa gramu hadi 15 katika muda wa saa 20 hivi.

Sehemu ya mti, kiasi, na siku ya kuacha: ndivyo vitu ambavyo chupa ya shangazi haikuwa navyo.

Kuna habari nyingine ninayoipenda kuliko hii, maana inatuumbua sote, wasomi na wauza chupa. Mwaka 1983 Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika kuhusu sokwe wa Gombe na Mahale wanaomeza majani mazima ya mmea uitwao *Aspilia*. Jani lenyewe ni la kukwaruza, kama msasa. Sokwe hulichuma moja moja asubuhi, hulikunja kwa ulimi, na hulimeza bila kulitafuna, na baadaye hutoka zima kwenye kinyesi. Wataalamu wakaanza kuwinda kemikali iliyomo. Miaka ya 1990 ndipo Huffman na wenzake walipoonyesha kwamba kinachofanya kazi ni ule ukwaruzaji: jani linapita tumboni kama brashi, minyoo inanasa kwenye vinyweleo na kutolewa nje, hasa majira ya mvua ambapo minyoo hiyo huzidi.

Sasa fikiria jani hilo likifika sokoni kwetu. Tungelikausha, tukalitwanga, tukalichemsha, tukalitia chupani. Dawa yote ingekuwa imekwisha kwenye kinu, na muuzaji angeapa kwa jina la sokwe.

Wenzetu wa Nigeria wanao mjonso huu huu jikoni. Waigbo wanapikia mchuzi wao wa onugbu. Lakini majani huyafikicha na kuyaosha mara kadhaa mpaka uchungu upungue ndipo yaingie chunguni. Hakuna aliyewaandikia karatasi ya vipimo. Kipimo kimo kwenye mikono ya mama aliyemfundisha binti yake aoshe mara ngapi.

Na lile ua la rangi ya waridi lenye kitovu kilichokolea zaidi katikati, linaloota barazani kwa kila mtu hapa mjini bila kupandwa? Asili yake Madagaska, *Catharanthus roseus*. Nimeona ujumbe kwenye simu ukisema chemsha mizizi yake unywe kikombe asubuhi na jioni kwa ajili ya kisukari. Habari ya kisukari ni ya zamani. Miaka ya 1950 huko Kanada kina Robert Noble walilichunguza kwa sababu watu wa Jamaica walikuwa wanalinywa kwa ugonjwa huo huo. Sukari haikushuka walivyotarajia. Kilichoshuka kwenye wanyama wa maabara ni chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Mtu mwenye haraka angesema mti huu sumu, autupe. Wao wakajiuliza: kama unaua chembe nyeupe, utamfanya nini mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe zimezidi kwa saratani? Ndiko zilikotoka vinblastini na vinkristini, dawa ambazo hadi leo zinatibu saratani, ikiwemo saratani ya damu kwa watoto. Hutolewa kwa miligramu, mshipani, chini ya macho ya daktari, na ikikosewa njia ya kuingizwa mwilini inaua. Ndilo ua ambalo jirani yangu analichemsha kwa sufuria ya ugali.

Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mti wa mugariga. Siwadharau waliokwenda, mtu anayeumwa haendi kwa hoja, anaenda kwa maumivu. Ila kumbuka jinsi ilivyokuwa: kikombe kimoja, shilingi 500, kwa mzee na kwa kijana, kwa mwenye kisukari na kwa mwenye virusi. Tulijadili kama mti ule unaponya au hauponyi, redioni na kwenye vijiwe vya kahawa, miezi mingi. Sikumbuki kumsikia mtu akiuliza kwa nini kikombe ni kimoja.

Narudi kwa Mohamedi, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ukimsimamisha kijana yeyote pale stesheni ya reli ukamuuliza Jane Goodall ni nani, atakwambia, na vizuri ajue. Mama yule alifika Gombe Julai 1960 kuchunguza sokwe, na akautangaza mkoa huu dunia nzima. Muulize Mohamedi Seifu Kalunde ni nani. Jina lake limo kwenye makala ya kitaalamu ya mwaka 1989, ameandikwa pamoja na Huffman kama mwandishi mwenza, kwa sababu bila yeye Huffman angeona tu sokwe anayekula kijiti. Jicho lilikuwa la wote wawili. Neno "dawa" lilikuwa la Mohamedi.

Na yeye hakuliokota njiani. Babu yake, mzee Kalunde, anasimuliwa kwamba aliwahi kumwona mtoto wa nungunungu anayeharisha akichimba na kula mizizi ya mulengelele, mmea ambao Watongwe waliujua kuwa ni sumu. Kijijini wakati huo watu walikuwa wanakufa kwa kuhara. Mzee alipowaeleza walisita, kama ambavyo ningesita mimi, mpaka yeye mwenyewe alipoula mbele yao. Huo ndio utafiti: ona kwa mnyama, jipime mwenyewe kwanza, ndipo uwape watu. Muuzaji wa chupa yangu sidhani kama aliwahi kuinywa.

Sasa elimu ya namna hii inakaa wapi? Inakaa kwa mtu anayeishi karibu na msitu. Miteremko ya Mahale inayotazama ziwa hupata mvua nyingi, na huko miti ya misitu mizito ya upande wa Kongo inakutana na miombo yetu, kwa hiyo ni duka lenye bidhaa za pande mbili. Watongwe ndio waliokuwa wenye duka. Miaka ya 1970, enzi za vijiji vya ujamaa, waliondolewa milimani, na mwaka 1985 Mahale ikawa hifadhi ya taifa. Siipingi hifadhi. Ukitazama vilima vilivyo nje ya mipaka ya Gombe jinsi vilivyonyolewa, utajua bila hifadhi hata mjadala huu tusingekuwa nao. Lakini tumehifadhi rafu na chupa zake, na aliyekuwa anajua kusoma maandishi ya kwenye chupa tumemwacha azeeke kijijini bila mwanafunzi. Mjukuu wake anauza vocha.

Serikali haijalala kabisa. Muhimbili walianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilileta baraza la kusajili waganga na dawa zao. Vizuri. Ila usajili unamkuta mtu mwenye biashara, mwenye kibanda na muhuri. Mzee wa Kitongwe asiyeuza kitu hasajiliwi popote, na ndiye mwenye kipimo. Kama ningepewa bajeti ndogo ya mkoa, nisingeitumia kwenye semina. Ningewatafutia wazee hao vijana wa kutembea nao msimu mzima wa mvua, wenye kalamu, waandike mti gani, sehemu gani, mwezi gani, nani asipewe. Ruhusa ya kuingia hifadhini na askari kwa siku chache isingeua sokwe yeyote. Na wodini ningeomba jambo moja lisilo na gharama: nesi aulize "umetumia mti gani?" kwa sauti ile ile anayoulizia umri. Mgonjwa akigombezwa anajifunza kudanganya, na daktari anamwandikia vidonge juu ya chupa asiyoijua.

Mwezi uliopita nilikaa na mzee mmoja wa Kitongwe aliyekuja mjini kumwona binti yake. Tulikuwa tunakula mgebuka wa kukaanga. Baada ya shikamoo na habari za safari nikamchomekea swali langu la miaka yote. Nikamwambia, "Mzee, mjonso unakunywa kiasi gani?"

Akaweka mwiba pembeni ya sahani. "Nani anaumwa?"

"Hakuna, mzee. Nataka kujua tu."

"Mkubwa au mtoto? Mwanamke? Ana mimba? Amekula? Ameanza kuumwa lini?"

Nikarudia kwamba hakuna anayeumwa. Akaniangalia kidogo, akavuta sahani.

"Basi kula samaki."