Mtoto Anajua, Maneno Ndiyo Hana

Kila Januari nawapokea watoto wa kidato cha kwanza, na kila Januari nakutana na ukimya uleule. Ni watoto waliosoma hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili mpaka darasa la saba. Wamefaulu, wamepongezwa nyumbani, wameshonewa sare mpya. Wakiingia sekondari wanakuta karibu kila somo, ukiacha Kiswahili chenyewe, ni kwa Kiingereza. Kuna wiki chache za kozi ya utangulizi, ile tunayoiita "baseline", kisha masomo yanaanza. Aliyekuwa hashushi mkono huko shule ya msingi sasa anaangalia dawati.

Nafundisha Biolojia. Mwaka fulani tukiwa kwenye mada ya huduma ya kwanza, niliuliza kwa Kiingereza mtu anayetokwa na damu puani asaidiweje. Watoto themanini na kitu, kimya. Nikarudia polepole, kimya. Nilikuwa nimeshageukia ubao niwaandikie jibu, binti mmoja wa viti vya nyuma akasimama: "Madamu, naomba niseme kwa Kiswahili."

Nikamruhusu. Akasema unamkalisha, anainamisha kichwa mbele kidogo asije akameza damu, anabana pua pale penye ulaini, anapumua kwa mdomo, na asiachie upesi. Mdogo wake hutokwa na damu puani, na yeye ndiye humhudumia. Darasa likaamka. Mmoja akabisha kwamba kwao mgonjwa hulazwa chali, na binti yule akamjibu palepale kwa nini si vizuri: damu itashuka kooni. Hiyo ndiyo Biolojia niliyokuwa nataka kuifundisha, na walikuwa nayo tayari.

Tangu siku ile najiuliza alikosa nini hasa. Maneno makubwa ya somo letu tunayashughulikia: tunayaandika ubaoni, tunayapigia mstari, tunayatolea maana. Yeye alikwama kwenye "lean", kwenye "pinch", kwenye "swallow". Ni maneno ya kawaida kabisa, ambayo hakuna anayeona ni kazi yake kuyafundisha. Sisi wa sayansi tunasema hayo ni ya mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza ana mada zake na muhtasari wake wa kumaliza, na damu ya puani haimo. Mtoto anapotelea hapo katikati, halafu kwenye ripoti tunamwandikia kwamba ni mzito kuelewa.

Mimi naamini mwalimu wa somo lolote linalofundishwa kwa Kiingereza ni mwalimu wa lugha pia. Hakuna namna ya kulikwepa hilo.

Najua mjadala mkubwa upo. Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kuangalia elimu ya Tanzania, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika ngazi zote, na toleo lake la 2023 likakibakiza Kiingereza sekondari. Kwa upande wangu ningependa mtoto asome sayansi kwa lugha anayoiota usiku. Lakini niliye naye Jumatatu asubuhi hawezi kusubiri tumalize kubishana, na mtihani wake utakuja kwa Kiingereza.

Kuna shule niliyowahi kufundisha ambako aliyesikika akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwenzake. Nia ilikuwa kuwazoesha Kiingereza. Nilichokiona kwa macho yangu ni watoto waliojifunza kunyamaza na kuviziana. UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kwamba Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, na shule zetu huiadhimisha kwa ngonjera na hotuba. Siwezi kukubali kwamba lugha tunayoiheshimu namna hiyo iwe kosa la kuadhibiwa siku zinazobaki.

Upande wa pili nao una tatizo, na hapa nasema kama mtu aliyelifanya kwa miaka. Unaeleza kipindi kizima kwa Kiswahili, watoto wanaelewa, wanacheka, kisha dakika kumi za mwisho unawaandikia notsi za Kiingereza wanakili. Wanatoka na maelezo kichwani na notsi kwenye daftari, na viwili hivyo havijakutana. Kinachobaki ni kukariri. Ndiyo maana unakuta mtoto anakuandikia aya nzima ya notsi bila kukosea nukta, wakati swali lilikuwa jingine.

Siku hizi natenga muda wa wawili wawili kuzungumza swali kwa Kiswahili kwanza, dakika tatu tu. Pembeni mwa ubao naandika maneno sita au saba watakayoyahitaji, yale madogo hasa, na maana zake kwa Kiswahili. Pia naweka mianzo ya sentensi, kama "The person should..." na "This is because...". Kisha jibu lilelile walilokubaliana wanamwambia jirani kwa Kiingereza, kwa sauti, kabla ya kuandika chochote. Kusema huko ndiko nilikokuwa nakuruka zamani. Mtoto anaweza kukaa sekondari miaka minne akisikiliza Kiingereza na kunakili Kiingereza, na sentensi zake mwenyewe alizotamka zikahesabika. Kwenye darasa la themanini siwezi kumsikiliza kila mmoja, ila jirani yake anaweza. Kelele zinakuwepo. Mwalimu wa zamu aliwahi kuchungulia dirishani akidhani darasa halina mwalimu.

Swali la "Are we together?" nimeliacha kabisa. Jibu lake ni "Yeees" la darasa zima, hata aliyepotea tangu mwanzo anaitikia, kwa kuwa ni adabu kumwitikia mwalimu.

Jambo jingine ni maneno ya kuulizia maswali. "Mention" inataka utaje, "explain" inataka ueleze, "differentiate" inataka utofautishe vitu viwili. Nimesahihisha karatasi nyingi ambazo mtoto aliambiwa aeleze akataja tu, akapata alama moja kati ya nne kwa kitu anachokijua. Sasa nayafundisha maneno haya kama mada, mwezi wa pili kila mwaka, na tunayafanyia zoezi kwa mambo ya nyumbani: taja vyakula vitatu, eleza ugali unavyosongwa, tofautisha mchicha na kisamvu. Mwalimu mwenzangu wa Kiingereza nampa orodha yangu ya maneno ya wiki, naye anayachomeka kwenye insha zake. Hatukuhitaji waraka wala semina, tulikubaliana tukinywa chai.

Sitaki kuwalaumu walimu wenzangu. Wengi wetu tulipita njia hiihii, tukakariri hiihii Biolojia, na Kiingereza chetu wenyewe kina mashimo. Kuandaa maneno saba ya kesho kunanifanya na mimi nifungue kamusi usiku, na nimeona kuna maneno niliyoyatumia miaka bila kuyajua vizuri.

Binti yule, mwisho wa mada, aliandika hivi kwenye daftari: "The person should sit and bend the head in front. He press the nose. This is because the blood can go in the stomach." Nikampa alama zote za Biolojia, kisha chini nikaandika kwa kalamu nyekundu "lean forward" na "he presses". Kipindi kilichofuata aliomba asome jibu lake mbele ya darasa, akalisoma na masahihisho yake.